Maziwa Niliyanywa Mimi, Kifua Anaugua Yeye

Shangazi Nabalayo, asalaam aleikum. Naomba unisaidie kabla ya Jumatano, maana siku hiyo wakili anafunga orodha na mume wangu hatakuwamo.

Mume wangu Umaru alifanya kazi miaka kumi na saba katika kiwanda cha nguo kule Jinja, chumba cha kufungulia marobota ya pamba, na usinicheke Shangazi, mimi ile pamba niliipenda, maana akitoka zamu imemjaa kichwani, nami niko langoni na beseni langu la mihogo namtania, shikamoo mzee, naye anacheka mpaka anakohoa, na siku hizo kikohozi kilikuwa kitu cha kuchekea. King'ora kikilia mji mzima ulijua saa. Wafanyakazi waliuziwa vitambaa vilivyokosewa rangi, basi Idi ikifika mtaa mzima tunavaa ua moja, hata mwalimu wa madrasa, na hakuna aliyeona haya. Nazitamani siku zile mpaka machozi yananitoka.

Sasa kisa chenyewe. Watu wa chumba cha pamba walipewa nusu lita ya maziwa kila siku, wakaambiwa yanaosha kifua, wayanywe pale pale. Umaru alijifanya kunywa, kisha akayamimina kwenye chupa ya soda, akaiziba kwa gunzi na kuniletea. Alianza wakati ananiposa, akaendelea nilipokuwa na mimba ya binti yetu Rahmah, wakati hata sukari ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, nami nilikunywa Shangazi, nilikunywa miaka, nikanawiri, majirani wakaniuliza napaka nini.

Leo ana miaka sabini na mbili, na kutoka msikitini mpaka nyumbani anapumzika mara tatu. Daktari amesema ni mapafu. Wakili wa wazee wa kiwanda ameleta fomu ya fidia, unaapa kwamba kazi ndiyo iliyokuumiza, unasaini. Rafiki yake Bogere wa Budondo, waliyefungua naye marobota, kifua kinamlia filimbi vilevile, naye amesaini, na huyo hakuacha tone la maziwa, alikuwa analamba kikombe. Umaru amekataa. Anasema, "Banange, jamani Twaibah, dawa walitupatia. Ni mimi sikunywa. Sasa nitaapa nini mbele ya Mungu?" Nimemwomba msamaha sijui mara ngapi, hataki hata nimalize kusema, na nikimsikia anavyovuta pumzi najiona nimemuua kwa mdomo wangu. Je, nimwache na dhamiri yake, au nimsainie mimi kimyakimya?

Twaibah, Namakwekwe, Mbale

JIBU

Mama Rahmah, wa aleikum salaam. Kwanza ondoa hilo wazo la kumsainia. Huko ni kughushi, na mtu anayeogopa kuapa uongo hastahili mke wa kuapa uongo kwa jina lake. Umaru ni mwaminifu. Tena ni mkaidi, na nyote wawili, nisamehe dada yangu, mmepotea njia mchana kweupe.

Jibu umeliandika mwenyewe na hukuliona. Bogere alilamba kikombe, leo anakohoa. Umaru hakuonja, leo anakohoa. Maziwa yameingiaje hapo? Maziwa huteremka tumboni, vumbi huingia mapafuni, hata angeyaoga yasingemsaidia. Chumba kile kilihitaji feni za kuvuta vumbi na vitambaa vya kufunika pua, lakini mwenye kiwanda aliona ng'ombe ni nafuu. Nimekasirika, sifichi. Mtu avute pamba miaka kumi na saba, halafu ajilaumu kwa sababu alimpenda mkewe!

Siku hizo hata mimi nazikumbuka. Baba yangu alifanya kazi kwenye jineri, kiwanda cha kutoa mbegu kwenye pamba, hapa Mbale, na harufu ya mbegu za pamba ikinipata njiani nasimama nimezubaa, watu wananipita. Kukipenda kiwanda si dhambi. Lakini hakikuwa mzazi wenu, kilikuwa mwajiri, na mwajiri ana deni kwa aliyemuumiza.

Fanya hivi. Mpigie Bogere simu leo, weka spika, Umaru amsikie anavyohema, kisha amuulize mwenyewe kama aliacha tone. Wewe na mimi hatatusikiliza, mwenzake wa marobota atamsikiliza. Jumatatu rudini kwa daktari, aandike kazi aliyofanya na miaka yake, asiandike "kikohozi" basi. Tafuta kitambulisho chake cha kazi hata kama panya wamekitafuna. Na dhamiri ikizidi kumwasha, amweleze wakili habari ya maziwa, yote, bila kuficha. Hakuna aibu humo.

Nawe acha kumwomba msamaha. Ndiyo sababu hataki umalize kusema: kila ukitamka "nisamehe", unamwambia kwamba alikosea kukupa. Barua yako nimeisoma mara mbili, na sijaona mahali ulipomwambia ahsante. Mwambie leo, kabla hamjaenda kwa wakili.