Baba Ameficha Kababu Zangu Mfukoni

Shangazi wa ukurasa huu, nakuandikia nikiwa nimesimama, unga bado uko kwenye nyusi, naomba unisaidie na unisaidie kabla ya Jumapili, maana Jumapili hiyo ndiyo itajulikana kama mimi ni mtoto wa maana au ni mropokaji tu.

Mimi ni mwoka mikate, huu ni mwaka wa kumi na tisa, kazi nimefundishwa na baba yangu mzazi aliyeoka mikate maisha yake yote, na pale kazini wananiita Mikono ya Chuma kwa sababu donge la unga la kulisha mtaa mzima nalikanda peke yangu bila kukaa chini, nasema hivi si kwa kujisifu, au basi, kwa kujisifu kidogo, ila nataka ujue kwamba hujaandikiwa na mtu wa kuunguza maji.

Baba ana miaka sabini na sita na anaishi na sisi, yaani mimi, mke wangu ambaye ni fundi cherehani, na binti zetu wawili, na miezi minne iliyopita aling'olewa meno yote yaliyokuwa yamebaki, fizi zikapona vizuri, daktari wa meno akamtengenezea ya bandia, baba akayavaa siku mbili, akasema meno haya yanaongea kabla yangu, akayatia kwenye kikombe na kikombe akakiweka juu kabisa ya kabati. Tangu hapo mzee amekuwa wa uji na supu, na si hilo linaloniuma, linaloniuma ni kwamba anachukua bakuli lake anakwenda kula chumbani mlango umefungwa, ukimuuliza anasema anawahi taarifa ya habari, na redio yenyewe, Shangazi, haina betri tangu mwezi uliopita.

Dada yangu mkubwa ni mwalimu mkuu wa shule, anaishi mji mwingine, na unajua walimu wakuu wanavyozungumza na watu. Kila siku anapiga simu kuuliza baba kala nini, na siku moja nikateleza nikamwambia anakula peke yake chumbani, akasema basi nakuja kumchukua, kwangu kuna msaidizi wa kushinda naye na kuna mashine ya kusaga, kila kitu atasagiwa. Simu ilikuwa kwenye spika, baba aliposikia hilo la kusagiwa akainuka akatoka sebuleni bila kuaga. Mimi nami mori ukanipanda, nikamwambia dada asitie shaka, nitampikia baba chakula cha watu wazima na atakula mezani na familia yake, akasema sawa, nipe wiki mbili nije nile nanyi Jumapili, nisipoona kwa macho yangu naondoka naye siku hiyo hiyo.

Nikawaza kababu, zile za kuviringa zinazoliwa na mchuzi, na kwa kuwa daktari amemwambia apunguze nyama yenye mafuta nikamwendea muuza nyama aliye jirani na tanuri letu, akanipa minofu ya kifua cha bata mzinga, myeupe, haina hata chembe ya mafuta, nikamwambia isage mara tatu. Nikatia chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu, yai, chenga za mkate mkavu viganja vitatu, halafu nikakunja mikono ya shati nikakanda, dakika ishirini kwa saa ya ukutani, nikikumbuka sauti ya baba akinifundisha, "Kanda mpaka ikutii," na kweli ikatii, ikawa inavutika bila kukatika. Nikapima moja moja kwenye mizani zote ziwe sawa, nikazioka kwenye tanuri kali dakika arobaini, nikazitoa nikazigonga chini kwa kidole kama tunavyogonga mkate, zikalia vizuri kabisa, nikazipeleka mezani nikazimwagia mchuzi. Zilipendeza mpaka binti mkubwa akazipiga picha.

Baba alitoka chumbani kuja kula mezani kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, amevaa koti lake, akakaa kwenye kiti chake. Sote tukanyamaza, hakuna aliyegusa sahani yake, tukamtazama. Akatia moja mdomoni, akaizungusha, akaizungusha, akajifuta kwa leso, akasema, "Mwanangu, umejua kupika." Hivyo hivyo mpaka tatu. Mimi machozi yalinilenga, nikatoka uani nikampigia dada nikamwambia mzee kala kama kijana wa kubeba magunia.

Kesho yake mke wangu anafua, nikasikia ananiita, "Baba watoto, njoo utazame mwenyewe." Mfukoni mwa koti, ndani ya leso, zilikuwa kababu zangu tatu, nzima, zimenyonywa mchuzi tu. Binti mdogo alichukua moja akampa paka, paka akaisukumasukuma sakafuni akaiacha chini ya kiti. Mke wangu alitaka kucheka, akaona uso wangu akaacha.

Baba hajui kwamba tunajua. Amerudi chumbani na bakuli lake, na kila nikipita mlangoni ananiambia zile kababu zilikuwa tamu. Mke wangu anasema nimwambie dada ukweli, nipike supu, yaishe. Mimi naona kosa ni kwamba nilizikanda kidogo, nyama ya ndege huyu ni ngumu, safari hii nitaikanda nusu saa nzima mpaka ilainike. Niambie Shangazi, nusu saa inatosha? Na baba nimwambie nimeziona, au nijitie hamnazo? Sitaki aondoke, Shangazi. Ndiyo hivyo tu, sitaki baba yangu aondoke.

Mikono ya Chuma

SHANGAZI ANAJIBU

Mikono ya Chuma, kabla hujafika mstari wa pili, toa hiyo mikono kwenye nyama.

Nusu saa! Mwanangu, ukiikanda nyama ya bata mzinga nusu saa, dada yako akija hatamchukua baba tu, atakuchukua na wewe akupeleke ukapimwe. Ulichompikia mzee si kababu, ni mikate ya nyama. Unga unakandwa ili ushikamane, uvutike, ubebe hewa tanurini. Nyama ukiifanyia hivyo nayo inashikamana, na ikishashikamana haiachii, hasa nyama ya kifua isiyo na mafuta, iliyosagwa mara tatu, ikatiwa chenga kavu za kunywa kila tone la maji lililokuwemo, ikaokwa dakika arobaini. Halafu ukaigonga! Nimesoma barua nyingi kwenye kiti hiki, sijawahi kukutana na mtu aliyegonga kababu asikilize kama imeiva. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini. Nilipomaliza kucheka nikasoma tena pale kwenye leso, na hapo sikucheka.

Sasa sikiliza vizuri. Wewe ni fundi, na mikono yako haina kasoro, ila umeihamishia kazi nyingine na mazoea ya kazi yake ya zamani. Rudi kwa muuza nyama, mwambie mapaja, si kifua. Daktari alisema apunguze mafuta, hakusema ale mbao. Ukiwa na wasiwasi mpigie umuulize. Nyama isagwe mara moja tu. Kwa nusu kilo chukua vipande viwili vya mkate wako ulio laini, toa ganda, loweka kwenye maziwa nusu kikombe mpaka uvurugike kabisa. Kitunguu kikune, kipitishe kwenye mafuta kidogo kwa moto mdogo kilainike, kipoe. Yai moja, na viungo vyako ulivyozoea. Changanya hivyo vyote kwanza, nyama iingie mwisho, na usitumie viganja, tumia uma. Hesabu mpaka thelathini, acha. Utaona haijashikana sawasawa, roho itakuuma, vidole vitawasha kutaka kumalizia. Viache viwashe. Funika bakuli, weka kwenye friji saa moja, na wewe toka humo jikoni ukafanye jambo jingine.

Ukirudi, lowanisha mikono kwa maji baridi, viringa bila kubana, nusu ya ukubwa uliopima, na hiyo mizani iache kazini. Mchuzi wa nyanya uwe mwingi, laini, unatokota taratibu. Zitumbukize humo humo mbichi, funika, moto mdogo, dakika ishirini hivi. Tanuri hulihitaji. Kisha pasua moja: ikiwa na wekundu katikati, ngoja, maana nyama ya ndege haina mzaha. Ikiwa imeiva mpaka ndani, tia kipande mdomoni na usiguse meno yako hata kidogo, kisukume kwa ulimi kwenye kaakaa. Kikisambaratika, hicho ndicho chakula cha baba yako. Kikigoma, kuleni nyinyi wenye meno, kesho yake uanze upya. Ndiyo maana nataka ufanye haya Ijumaa, si Jumapili watu wakiwa wameshakaa.

Umeuliza kama umwambie umeziona. Ndiyo, mwambie, na iwe kabla ya kupika. Si mezani, si mbele ya wajukuu. Nunua betri za redio, ingia chumbani kwake, kaa kitandani, sema, "Baba, kababu zilikuwa ngumu, nimezikuta kwenye koti, nisamehe." Usicheke mpaka acheke yeye. Mzee wa watu amezungusha mdomoni kitu kisicholika mara tatu ili asikuvunje moyo, wewe ukamtilia dada yako chumvi kwenye simu ili asimchukue baba, na mkeo anameza kicheko chake ili usione aibu. Mnastahiana nyumba nzima, na aliyelala na njaa siku ile ni mmoja tu.

Ukishamwambia, mwombe kazi. Yeye ndiye aliyekufundisha wewe, si hivyo? Basi Ijumaa awekewe kiti jikoni, wewe uchanganye, yeye akuambie lini uache na mchuzi umepungukiwa nini. Sijawahi kuona fundi mstaafu aliyekataa kumkosoa mwanafunzi wake. Kama anapomeza hata kilaini anakohoa au anapaliwa, acha hapo hapo umpeleke kwa daktari, hilo si la mpishi. Na yale meno ya juu ya kabati yarudishwe kwa aliyeyatengeneza. Meno yanayogongana ni kwa sababu hayajakaa sawa, na mtengenezaji ana namna ya kuyakalisha. Siku mbili ni chache mno kwa mtu kuzoea hata viatu.

Kuna jambo umeliandika ukalipita mbio. Umesema wote mlinyamaza mkamtazama. Hebu kaa wewe mezani, watu wanne wamekukodolea macho mdomoni, halafu niambie kama hata maji yatapita. Mimi naona mzee hakukimbia chakula, alikimbia macho yenu. Sasa Jumapili wote mle kababu zile zile, kutoka sufuria moja, na soga ziendelee, binti wasimulie ya shule, mkeo asimulie ya wateja wake. Atakayemtazama baba mdomoni ataosha vyombo, hata kama ni mwalimu mkuu.

Nikija kwa huyo mwalimu mkuu: mpigie leo, gazeti hili likiwa bado mkononi. Mwambie ulimdanganya, mzee hakula. Atakufokea. Fokewa, kisha mwambie unachopanga na umwombe aje bado. Dada anayepiga simu kila siku kuuliza baba kala nini si adui yako. Anaogopa kile kile unachokiogopa wewe, tena yeye anakiogopa kwa mbali, hana hata mlango wa kubisha.

Nimebakiza moja, na hili ni zito kuliko kababu. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali ambapo mtu mmoja kati yenu amemuuliza baba anataka kuishi wapi. Sijapaona. Dada yako kaamua, wewe umeamua, mkeo anaona supu itamaliza kesi. Mnamgombania kana kwamba hayupo, na yupo, ana akili zake timamu, na lile la kusagiwa alilisikia vizuri sana. Jumapili mkimaliza kula, awe amekula kababu kumi au ameishia kwenye mchuzi, muulize mbele ya dada yako: "Baba, wewe unataka kukaa wapi?" Akisema kwa dada, utambebea begi mpaka kwenye gari bila kununa, na utakwenda kumwona. Akisema hapa, dada yako atarudi peke yake na hakuna atakayemwongezea neno. Ukishauliza nyamaza, na dada yako anyamaze, mpaka baba ajibu mwenyewe.