Nguzo Moja ya Ziada kwenye Daraja la Farajala

Jumatano, Nabuyonga, hapa Mbale. Mvua ilianza kabla sijamaliza chai na bado inapiga mabati. Nimebaki ndani, na moyo haujatulia tangu simu ya asubuhi.

Aliyepiga ni Farajala, fundi saa wa Jinja, rafiki yangu tangu kabla sijaoa. Sisi hatuanzi kwa kuulizana miguu na presha kama wazee wengine. Tunaanza na treni.

"Mwalimu, ya saa nne imefika?"

"Imefika. Imechelewa dakika sita."

"Umeichelewesha wewe. Huku ilitoka safi."

"Ilisimama Busembatia. Ng'ombe walikuwa relini."

"Ng'ombe wa mbao."

"Ng'ombe ni ng'ombe, Fundi."

Kwa msomaji mgeni, nieleze. Mimi na Farajala tuna reli ndogo za mezani. Juu ya meza yake kuna Jinja: stesheni, maghala, na daraja la reli linalovuka Nile. Juu ya yangu kuna Mbale, na mlima nilioufinyanga kwa udongo na magazeti yaliyolowekwa. Kati yetu hakuna reli. Treni ikifika ukingo wa meza yake, anaiinua na kuiweka sandukuni, kisha ananiarifu imetoka saa ngapi, ina mabehewa mangapi na imebeba nini. Mimi natoa mabehewa yangu ya namna ileile na kuiingiza Mbale. Siku hizi tunatumia simu. Zamani tulitumia barua, tukimkabidhi gadi wa treni ya kweli, naye alicheka kila mara akisema anabeba treni ndani ya mfuko wa shati.

Vichwa vya treni alivitengeneza Farajala kwa bati la makopo, na ndani yake akaweka kamani za saa za kengele. Unazungusha ufunguo, kinakwenda. Sijapata kuona mikono kama ile.

Habari yenyewe ya leo ni hii. Wiki iliyopita alitembelewa na kikundi cha wapenzi wa treni ndogo pale Jinja, watu wazima wenye kazi zao. Walisifu kila kitu. Kisha mmoja wao akahesabu nguzo za daraja, akahesabu tena, akasema kwa adabu, "Mzee, hapa umezidisha moja."

Farajala akamjibu, "Nilikosea kuhesabu."

Wamesema watarudi Jumamosi na wenzao wengi. Anataka niende na msumeno wangu mwembamba tuiondoe ile nguzo, alione daraja lake likiwa sahihi kabla macho hayajamwishia. Alinisimulia haya huku akicheka. Mimi sikucheka.

Farajala hakukosea kuhesabu. Aliyekosea ni mimi, na jambo hilo sijamwambia mtu yeyote, hata watoto wangu.

Ilikuwa miaka ile ya utawala wa wanajeshi. Nilikuwa mwalimu kijana wa hesabu hapa Mbale. Farajala alikuwa ameanza kulijenga daraja, na mtu wa aina yetu akijenga daraja hawezi kukisia. Nikaahidi kumletea vipimo. Nilisimama ukingoni nikahesabu nguzo, nikahesabu tena dirishani mwa treni, kwenda na kurudi, nikachora kila kitu kwenye karatasi ya miraba. Alilimaliza kwa mchoro wangu wa kwanza. Mchoro wa pili, safi zaidi, nilimpelekea mwenyewe siku ya likizo, ndani ya sanduku la mabehewa.

Niliona hesabu. Sikuona daraja la serikali, wala mto, wala zama tulizokuwa tukiishi.

Nje ya stesheni ya Jinja askari walikuwa wakipekua mizigo. Mmoja akaitoa karatasi, akampa mkubwa wao, mtu mnene mpole wa sauti. Mkubwa akaitazama sana.

"Hii iko daraja ya hapa," akawaambia wenzake, na akataja idadi ya nguzo.

Idadi haikuwa sahihi. (Sitaiandika iliyo sahihi. Mazoea ya miaka ile hayajanitoka.)

Kabla hofu haijaushika ulimi wangu nikasema, "Samahani afande, umeisahau moja. Ile ya upande wa Njeru, ng'ambo."

Akageuka polepole. "Wewe najuaje?"

"Nimezihesabu. Mara tatu."

"Nani nakutuma?"

"Hakuna, afande. Ni kwamba mara ya kwanza sikuwa na uhakika."

Nasimulia hivi leo na naona inachekesha. Siku ile askari mmoja alikwisha kunishika ukosi. Watu walikuwa wakichukuliwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na wake zao wakazunguka kambi kwa kambi wakiuliza. Nikasema karatasi ni ya rafiki yangu, fundi saa, ya treni ya kuchezea. Ndiyo, nilimtaja. Hilo nalo naliungama.

Wakanipeleka dukani kwake.

Farajala alikuwa ameisogeza saa ya mteja jichoni. Akaiweka chini, akawasalimu. Afande alipojua kwamba ni Mnubi kama yeye akamsemesha Kinubi, naye akajibu maneno machache, kisha akarudi kwenye Kiswahili ili na mimi nisikie. Afande akamwonyesha karatasi. Akamweleza kwamba huyu mwalimu anahesabu nguzo za daraja, na hata anabishania idadi yake.

Farajala alinitazama mara moja tu.

"Meza iko chumba cha ndani, afande. Lakini mke wangu yumo. Niruhusu kidogo ajisitiri."

Afande, naye Mwislamu, akasema, "Haya." Farajala akaingia, nasi tukangoja. Tulimsikia mkewe, Mama Zena, akilalamika kwa sauti kwamba mtandio haupo, sanduku halifunguki, wageni gani hawa wasiopiga hodi mapema. Mimi nilijua Mama Zena hukaa na mtandio wake tangu alfajiri, akiwa kwenye cherehani. Sikuelewa.

Tulipoingia, Farajala aliikunjua shuka iliyofunika meza kama mtu anayefunua mtoto aliyelala.

Afande akainama, akahesabu nguzo kwa kidole. Akatazama karatasi. Akahesabu tena. "Hii na karatasi si sawa. Hapa iko moja zaidi."

Nami niliona. Kati ya nguzo mbili nilizozijua kwa sentimita, ilisimama ya tatu. Alikuwa amechonga akiba siku nyingi kabla, moja ilipopasuka, na sasa ameibana kwa nta ya mshumaa iliyokuwa bado inang'aa.

"Ndiyo hayo, afande," Farajala akasema, akivuta pumzi kama aliyechoshwa. "Mimi nilichonga kwa kukisia. Huyu akaniambia nimezidisha. Nikamwambia hapana. Tumebishana miezi mitatu. Sasa amekwenda kuhesabu na kuchora, apate kunifedhehesha nyumbani kwangu mbele ya mke wangu."

"Miezi tatu kwa ajili ya mguu ya daraja?"

"Ni mwalimu wa hesabu, afande. Hawezi kunyamaza. Nadhani umemwona."

Afande akanitazama. Nadhani alikumbuka stesheni. Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Hata mimi yeye nasahihisha. Na bunduki iko hapa."

Kisha kicheko kikakatika. "Kama iko ya kucheza, icheze."

Farajala akazungusha ufunguo. Hakuharakisha. Askari mmoja alimhimiza, naye akamjibu kwa upole kwamba kamani ikikazwa kwa pupa inakatika. Treni ikaondoka stesheni na mabehewa manne, ikapinda, ikapanda darajani. Nguzo ya nta ikatetemeka. Nilikuwa nimekwisha kuacha kuomba kwa maneno. Ingetoka mahali pake, kila mtu chumbani angejua iliwekwa lini na kwa nini.

Ilishika.

Afande aliizungusha mwenyewe mara tano. Akanywa chai. Alipotoka aliniambia nijifunze kushindwa, akachukua behewa moja la mafuta, akalitia mfukoni.

Mlango ulipofungwa nilikaa sakafuni. Farajala akaanza kuwasha jiko la gundi.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Atarudi. Aliipenda. Lazima aikute nguzo mahali pake."

Nikajaribu kumwomba radhi kwa kuleta mchoro, kwa ulimi wangu, kwa kumtaja. Akaniambia nguzo ni kipande cha mti tu. "Ila ukimsahihisha afande mwingine, Mwalimu, mimi sina mke wa pili wa kumsitiri."

Afande alirudi kweli, mara nyingi, na kila mara alileta mwenzake. Alihesabu nguzo mbele yao na kumcheka fundi asiyejua kuhesabu. Farajala alikubali kila mara. Serikali ile ikaanguka, afande hakuonekana tena, nguzo ikabaki. Wageni wengine wakaja, wakahesabu, wakatabasamu. Naye akawaambia hao pia kwamba alikosea.

Fikiria maana yake. Huyu ni mtu ambaye saa ikipoteza nusu dakika kwa wiki haimpi usingizi. Katika ufundi wetu kosa la kuhesabu ni aibu kuliko kuvunja. Alijitwisha aibu hiyo kwa ajili yangu siku moja, na hiyo naweza kuielewa, kwa sababu shingo zetu zote mbili zilikuwa hatarini. Nisichoweza kukielewa ni kwamba ameibeba miaka yote iliyofuata, wakati hapakuwa tena na hatari, na hajawahi hata mara moja kugeuka na kusema, "Muulizeni Mwalimu."

Nami nimekuwa nikiketi pale, kikombe mkononi, nikitabasamu pamoja na wageni.

Nimeeleza mambo mengi maishani. Nimeeleza sehemu na desimali kwa watoto wa watoto wa wanafunzi wangu wa kwanza. Nimeeleza, hapa kwenye blogu, namna ya kufinyanga mlima usipasuke. Hili sikulieleza, kwa sababu ndani yake mimi ndiye mjinga, na ndiye niliyetaja jina la rafiki.

Msumeno nimeupaka mafuta na kuufunga kwa kitambaa. Jumamosi nitakuwa Jinja. Watakapokusanyika kuzunguka meza, na mmoja wao akaanza kuhesabu, sitamngoja Farajala ajibu. Nitasema fundi huyu hakuzidisha kitu, nami nitaanza kueleza tangu stesheni. Najua atanikatiza. Atasema Mwalimu, yaishe, wageni wamekuja kuona treni.

Safari hii sitanyamaza.