Mashine Iliwasemea Akina Mama wa Kakuma

Lodwar, Jumatano jioni. Upepo umetumwagia vumbi kutwa nzima na stima imepotea. Nimechoka hadi machozi hayatoki.

Mimi ni mtafiti. Mapema mwaka huu niliketi na akina mama wa kambi ya Kakuma, nikawauliza kwa nini wameacha kuleta watoto kliniki kupata chakula cha lishe. Nyandeng, mama kutoka Sudan Kusini, alinijibu huku amempakata mwanawe: chakula huisha kabla zamu yao haijafika. Wenzake wakasema vivyo hivyo.

Nilituma sauti zao nilizorekodi Nairobi kwa daktari anayeongoza utafiti wetu. Naye akaipa akili mnemba kazi yote: itafsiri, ichambue, iandike matokeo. Ripoti ikatoka safi, Kiingereza kinateleza. Inasema akina mama hawaelewi umuhimu wa lishe.

Hakuna hata mmoja aliyesema hivyo.

Nilimwandikia daktari barua pepe ndefu ya kumsihi. Jibu likarudi papo hapo, limejaa adabu, likinishukuru kwa kuibua hoja muhimu. Nikajua hata hilo hakuliandika yeye. Nikampigia.

"Akiru, kila mtu anaitumia siku hizi," akasema. "Wanaoandika, hata wanaotuhakiki. Ripoti ishapokelewa. Tutarekebisha kwenye utafiti ujao."

Si mtu mbaya. Kazi zimemlemea tu. Hilo ndilo linanimaliza: sina hata wa kumchukia.

Leo nilienda Kakuma. Kwa kufuata ripoti ile, kliniki imeanzisha semina za kuwafundisha akina mama lishe. Chakula hakijaongezwa. Nilimkuta Nyandeng kwenye benchi la nyuma, mtoto amemlalia begani, vijiguu vyake vimekonda kuliko nilivyomwacha.

"Dada, ulisema maneno yetu itafika kwa wakubwa," akaniambia. "Ilifika?"

Nilitamani kudanganya.

"Hayakufika, mama. Yalibadilishwa njiani."

Nilingoja anitukane. Alisogea tu, akanipa nafasi nikae.

"Basi andika tena. Mimi nitasema polepole."

Akasema. Nikaandika kwa mkono, nikamsomea, akanisahihisha, nikamsomea tena mpaka akatikisa kichwa kukubali. Mtoto hakuamka muda wote huo.

Sasa maneno yake yako hapa mezani kwangu, kama alivyoyasema. Nimpelekee nani, atakayeyasoma kwa macho yake mwenyewe?