Mtani Aliyeuliza Habari za Mguu Wako

Baba yangu mpenzi, fundi wa Temeke,

Wiki iliyopita mjukuu wako Rukia alinijia kichwa kinamuuma. Amepata nafasi ya shahada ya uzamili kwenye chuo kikubwa cha nje, na hapa nyumbani kuna profesa mmoja anayetaka afanye naye utafiti. Achague programu, au amchague mtu? Nilifungua mdomo nimjibu kitaalamu, nikakuona wewe, kama zamani, barazani na cherehani yako, pini zimejaa mdomoni, unamjibu mteja kwa kichwa. Nikamwomba anivumilie kidogo. Nimeona nizungumze na wewe kwanza.

Unaikumbuka barua yangu ya kuitwa chuo cha Ulaya? Kiingereza hukukijua hata cha kuombea maji, lakini uliishika ile karatasi ukawasomea wateja wote, na kila ulipoisoma ilisema jambo jipya. Mara nitalala ghorofani, mara nitakula mayai kila asubuhi. Balozi wetu wa nyumba kumi alipokuja kukupongeza, ulimwambia ndege yenyewe imekwisha kupangwa, wakati mimi sikuwa nimejibu lolote. Kisha ukaanza kunishonea koti. Miaka ile kitambaa cha maana kilikuwa adimu, watu walipanga foleni kwenye duka la ushirika wakarudi na kaniki, nawe sijui ulikitoa wapi kile kitambaa kizito cha bluu. Mama alikuuliza, ukamwambia asikuchunguze.

Mimi nilikuwa njia panda, nanyi hamkujua. Chuoni nilikuwa namsaidia Dokta Maganga, kijana wa Tabora aliyerudi kutoka masomoni muda si mrefu. Alikuwa na chumba kimoja chenye dirisha bovu na hadubini aliyogombea na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ulaya kulikuwa na kila kitu, na mwisho wake ulijulikana: unaingia, unafuata masomo waliyopanga, unatoka na shahada. Kwa Maganga hakuna kilichojulikana. Lakini nilipokosea hakunisahihisha, aliniuliza swali jingine, na nilipolijibu hilo nilikuwa nimeliona kosa langu mwenyewe. Sijawahi kufundishwa hivyo kabla wala baada. Aliniambia kama nitabaki, utafiti wa uzamili tutaufanya pamoja, mitaani, nyumba kwa nyumba.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa mbu wanaoeneza matende.

Neno hilo sikuwahi kulitamka nyumbani kwetu. Ulijishonea kanzu pana chini kuliko za watu wote, na mbele ya cherehani ulitundika pazia watu wasikuone unavyokanyaga. Mama aliuosha mguu wako chumbani, mlango umefungwa. Sisi watoto tulijua, na tulijua pia kwamba hatutakiwi kujua. Nilipoulizwa nasoma nini, nilisema wadudu. Mtu mzima mie, nimesoma habari za ugonjwa ule mpaka vitabu vimenichoka, na mguu wa baba yangu sijauona.

Maganga alipoona nasitasita, akasema atakuja kuzungumza na wazazi. Nilikuonya kwamba anakuja mwalimu wangu, nawe ukajiandaa kumkatalia kwa adabu. Nilikusikia ukimfanyia Mama mazoezi ya hotuba yako. Alipofika akaamkia, "Shikamoo, mzee." Ukaitikia marahaba kwa sauti ya serikali kabisa, ukamuuliza mwenyeji wa wapi.

"Tabora, mzee. Mnyamwezi."

Hotuba yote ikaruka. Ulipiga kofi ukacheka, "Ala! Mtani wangu huyu! Mama Mwajuma, ficha sufuria, Mnyamwezi kaingia!"

Naye kama aliyefunguliwa kamba, akajitupa mkekani bila kukaribishwa. Wazaramo, akasema, mnacheza ngoma mpaka mnasahau kupika. Ukamwambia babu zake walishuka pwani na pembe mabegani, nguo hawana, na sie ndio tuliowavika. Mlikwenda hivyo mpaka Mama akaleta chai. Ndipo Maganga akaitazama kanzu yako, akasema kwa sauti ile ile ya utani:

"Kumbe ndiyo maana hesabu yetu haikutimia. Mzigo mmoja mliuiba. Umeuficha humo chini ya kanzu tangu lini, mzee?"

Mama alibaki na sinia mkononi. Mtu yeyote mwingine angetoka pale bila kusindikizwa, nami ningepakiwa kwenda Ulaya. Lakini mtani hakasirikiwi, na wewe mila hiyo uliiheshimu kuliko watu wote niliowajua. Ulimkodolea macho. Halafu kicheko kikaanza tumboni, kikapanda mpaka ukakohoa, ukaishika kanzu ukaipandisha hadi gotini.

"Basi njoo uuchukue, urudi nao Tabora," ukasema. "Mie nimechoka kuubeba."

Maganga akapiga magoti. Akauangalia taratibu, akauliza ulianza lini, homa zinakuja mara ngapi, unauosha na nini. Ulimjibu yote, mbele yangu, mchana kweupe.

Alipoondoka uliniita. "Huyu Mnyamwezi nimempenda. Lakini wewe nenda Ulaya. Chuo hakihamishwi, mwanangu. Mtu anahamishwa. Serikali ikimtaka, kesho yuko Sumbawanga, nawe umebaki na mbu zako."

Nikakwambia sitakwenda. Nikasema nabaki kujenga taifa. Ndiyo maneno tuliyokuwa tunayasikia redioni kutwa, na hata wewe hukuwa na la kuyapinga, tena balozi alikuwapo akiitikia kwa kichwa, ameridhika. Uliliondoa koti kwenye cherehani ukalitundika ukutani likiwa na mkono mmoja. Liliniuma hilo kuliko kama ungenifokea.

Na maneno yako yakawa kweli. Utafiti haujafika nusu, Maganga akapewa uhamisho, na si kwingine ila Sumbawanga hiyo hiyo. Alipokuja kuaga, akaliona koti ukutani akalivaa bila kuomba, ndiyo haki ya mtani, akasema huko kuna baridi. Ulimrudisha ndani kwa kelele ukalishona mkono wa pili akiwa amelivaa.

Mimi nililia mchana kutwa. Nilikuwa nimekataa chuo kwa sababu ya mtu, na mtu kaondoka. Msimamizi mpya niliyepewa hakutoka ofisini, na watu wa mitaani walikuwa wameanza kunifungia milango, maana nani atamruhusu msichana atafute mbu chooni kwake kisha amuulize habari za mguu? Nilingoja useme "nilikwambia." Ulikuwa na haki nayo.

Ukasema, "Lia umalize, kisha nipe makubazi yangu."

Sikuwahi kukuona ukitembea mbali na nyumba. Siku ile ulikwenda mpaka mtaa wa Mtoni, ukipumzika kwenye baraza za watu. Mlango wa kwanza ulikuwa wa mzee aliyekwisha kunikatalia. Ulipandisha kanzu kizingitini, ukamwambia, "Mwenzangu, tazama wangu, kisha unionyeshe wako. Huyu binti yangu hana nia ya kutucheka." Yule mzee akafungua mlango. Tangu hapo ulifunga cherehani kila Jumamosi. Ulijitambulisha kuwa msaidizi wa dokta, nami sikuwa dokta bado, na ukiona nimechoka ulinikaripia kama mwajiriwa. Shahada yangu niliipata kwa milango uliyonifungulia wewe.

Mguu wako haukupona, sitakudanganya. Dawa wanazogawa siku hizi zimekuja wewe umekwisha kutangulia. Maganga alikuja kukuzika, akafanya ya watani jenezani mpaka waliokuwa wanalia wakacheka. Sasa napita Temeke nikiwaona vijana wa rika la Rukia wakikimbia na miguu yao miembamba, na nakukumbuka mpaka nasimama njiani.

Kuna neno sikukwambia, Baba, nalo ndilo nitakalomwambia Rukia. Habari za kujenga taifa nilizisema kwa sababu ndizo zilizokuwa mdomoni mwa kila mtu, na kwa sababu hukuweza kuzijibu. Maganga nilimheshimu sana, lakini angehama nisingekufa, na kweli alihama sikufa. Siku ile ulipoipandisha kanzu niliona kitambaa ulichoufungia mguu, ulivyokikunja vizuri, kwa pindo la fundi, mahali ambapo hakuna macho yatakayofika. Nikafahamu kwamba nimekaa nawe nyumba moja tangu nizaliwe, na ndiyo kwanza nakufahamu. Ulaya walitaka jibu langu wiki ile ile.

Nilibaki kwa ajili yako.

Lala salama, Baba. Mungu akupunguzie kila ulichokibeba.

Ni mimi, binti yako wa kwanza,
Mwajuma