Kitufe Kilichowaka Bila Kuguswa

Nyuma ya Uwanja,
Ruring'u, Nyeri.
27 Julai 2024

Mpendwa shangazi yangu, Tata Wachuka,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote, nikitumaini goti limeacha kukusumbua na kwamba unapanda zile ngazi bila kushikwa mkono. Picha ulizotuma zinaonyesha Halifax kuna jua hata umetoka bila sweta. Huku sisi ndio tunaotetemeka. Ukungu unashuka asubuhi na mpaka saa nne uwanja hauonekani. Hata hivyo sote tu wazima. Mama alikuwa na kikohozi lakini kimepoa, Beth yuko salama, na Ken ameota meno manne ambayo anayajaribu kwa kila kitu, pamoja na bega langu.

Tata, mwezi wa tano uliniuliza habari za vitufe vyangu na mimi nikanyamaza. Usidhani nilikusahau. Ningeweza kukupigia simu, lakini najijua: kwa simu ningecheka nikageuza maneno. Nimeona afadhali niandike.

Kwanza nikueleze kitu chenyewe, maana nimesikia umewaambia wenzako wa kanisa ati natengeneza piano. Si piano. Ni bodi ya saketi, upana wake kama kiganja, yenye vitufe kumi na sita vya mpira laini, na chini ya kila kitufe kuna taa ndogo. Mtu anayejiundia kitu chake, iwe ni mchezo, chombo cha muziki au kifaa cha kufundishia, huiunga na kompyuta ndogo kisha akaamua mwenyewe kila kitufe kifanye nini na kiwake rangi gani. Zinazotoka nje ni ghali kwa watu wanaokuja kwa karakana yangu. Kwa hivyo nikachora yangu, kiwanda kule China kikanitengenezea bodi tupu, na Jumamosi tukawa tunakaa hapa kila mtu akilehemu ya kwake.

Ili bei ishuke, nilikaa na ule mchoro wiki nzima nikiuliza kila kipande kina kazi gani. Nikaondoa kasha. Nikaondoa fremu. Mwisho nikafika kwa daiodi, vipande vidogo kama punje ya mtama, kimoja kwa kila kitufe, nikaviondoa vyote kumi na sita. Bodi ilipofika nikaijaribu. Nilibonyeza kitufe cha kwanza, kikawaka, nikaenda cha pili, hivyo hivyo hadi cha mwisho, kwa kidole hiki changu kimoja. Nilifurahi hata nikamwita Beth aache ugali aje aone.

Sasa, kati ya waliokuja kujifunza kulikuwa na mama mmoja, Phelister Khisa. Kwao ni Bungoma, bwanake ni polisi aliyeletwa Sagana, na yeye anafundisha watoto wa chekechea huko. Kila Jumamosi alitoka Sagana kuja hapa. Hakuwahi kushika chuma cha kulehemu kabla ya hapo. Mkono wake ulikuwa wa polepole lakini safi. Alitaka bodi ya kufundishia kuhesabu: watoto watatu wabonyeze, taa tatu ziwake, darasa lihesabu pamoja.

Mwezi wa pili, siku ya wazazi, akaiweka mbele ya watu. Watoto watatu wakabonyeza pamoja, na taa nne zikawaka. Wakarudia, ikawa vile vile. Kitufe ambacho hakuna aliyekigusa kinawaka chenyewe. Mtoto mmoja akalia kwamba kuna mtu ndani. Wazazi wakacheka, nyanya mmoja akauliza nani aliruhusu vitu kama hivyo shuleni, na mwalimu mkuu akamwambia Phelister kwa upole aitoe hapo mpaka itazamwe.

Jumamosi iliyofuata akaniletea. Nilikuwa na watu wengi na haraka nyingi. Niliibonyeza kitufe kimoja kimoja, kila kimoja kikawaka vizuri, nikamwambia mbele ya wote: "Mwalimu, bodi haina shida. Risasi yako ya kulehemu imegusana mahali. Mtu akifanya kwa haraka, huwa hivi."

Akaniuliza ni wapi. Nikamjibu atafute mwenyewe, kwa maana hivyo ndivyo mtu hujifunza. Akasema sawa, akaitia kwa mkoba wake. Hakurudi tena. Na nikuambie ukweli, Tata, siku hiyo niliona nimefundisha vizuri.

Mwezi wa tano akaja Theuri kutoka Karatina, ambaye ametengeneza redio miaka ishirini na hupiga kinanda kanisani kwao. Alikuwa ameunga vitufe vyangu na sauti za kinanda. Aliniambia akishika nota tatu kwa pamoja, ya nne inakuja yenyewe, na akaniomba nisimwambie ni risasi. Nilichukua lenzi nikaangalia kazi yake. Hakukuwa na mahali pa kumkosoa. Ndipo nikatoa bodi yangu mwenyewe, ile niliyoilehemu kwa mikono yangu, nikaweka vidole vitatu. Taa nne zikawaka. Nikahamisha vidole, ikawaka nyingine ya nne.

Theuri aliuliza daiodi ziko wapi. Nikamwambia niliziondoa nipunguze bei. Alitikisa kichwa kidogo tu, hakunicheka.

Daiodi ni kama valvu ya bomba: maji yaende mbele, yasirudi nyuma. Ukibonyeza kimoja, hata bila valvu mambo huenda sawa. Ukibonyeza vitatu, umeme hupata njia ya kurudi kwa mlango wa jirani na kuwasha kitufe ambacho hakina habari. Hilo nililisoma zamani nikalijua. Lakini nilijaribu peke yangu, kwa kidole kimoja, nikasahau kwamba watoto wa chekechea hawabonyezi kwa zamu.

Palepale nilimkumbuka Phelister. Nilimwandikia ujumbe kwa simu, nikaufuta, nikaandika mwingine, nikaufuta pia. Kisha nikajiambia nitasubiri bodi mpya zifike nisiende mikono mitupu. Huo ulikuwa ni woga nimeuvalisha koti. Wale wengine ishirini na wawili waliokuwa na bodi za kwanza niliwaambia siku hiyo hiyo. Yeye tu ndiye niliyemwacha, mpaka Beth akachoka nami. Aliniambia: "Wewe ulisema mbele ya watu. Usiende kumwomba msamaha kwa simu."

Nilishuka Sagana mwisho wa mwezi wa sita. Nilimkuta nyuma ya darasa akipanguza vikombe vya uji vya watoto. Alinisalimu kwa heshima, bila kutabasamu. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari ndefu za umeme, lakini hakunipa nafasi.

"Kwa hivyo risasi yangu haikuwa na makosa?"

"Haikuwa. Makosa yalikuwa kwa mchoro wangu."

Aliendelea kupanguza kikombe ambacho kilishakauka. Halafu akanisimulia kwamba jioni tatu mfululizo alikagua kiungo baada ya kiungo, akavitoa vyote, akavirudia, mpaka shaba ya bodi ikabanduka na ikawa haifai tena. Na kwamba alienda kwa mwalimu mkuu akakiri kwamba aliharibu yeye.

"Niliamini," akasema, "kwa sababu ni wewe ulisema."

Nilimwomba twende pamoja ofisini. Nikasimama mbele ya mwalimu mkuu nikasema yote, kwamba bodi ilitoka kwangu ikiwa na kasoro, na kwamba nilimlaumu mtu asiye na hatia bila kutazama. Alinisikiliza, akanishukuru, akarudi kwa kazi yake. Tulipotoka nikampa Phelister bodi mpya iliyokamilika. Aliigeuza, akaona daiodi zote zimekaa mahali pake, akanirudishia. Alitaka bodi tupu na vipande vyake.

"Nitaiunda mwenyewe," akaniambia. "Na wewe hutaijaribu kabla watoto hawajaijaribu."

Ijumaa ya wiki jana aliniita. Nilikaa nyuma ya darasa kwenye kibenchi, magoti karibu na masikio. Watoto kumi na saba waliivamia kwa mikono yote, mmoja akatumia kiwiko, mwingine pua. Zilizobonyezwa ziliwaka. Ambazo hazikubonyezwa zilikaa giza. Hakuna aliyepiga makofi. Walianza tu kugombania zamu, naye akawa anawaamua.

Bado hajarudi Jumamosi. Amesema ataona, nami simsukumi. Bodi mpya imepanda bei kidogo, na wengine wamelalamika. Nawaeleza ni kwa nini.

Nimekuandikia haya yote kwa sababu ulifundisha miaka thelathini. Nataka kujua kama uliwahi kumwambia mtoto ameshindwa, halafu ukagundua kwamba swali lenyewe ndilo lililokuwa na makosa, na kama ulimpata tena. Ukiweza, nijibu kwa barua. Hilo ni jambo ambalo ningependa kulisoma polepole.

Msalimie sana dada yangu Nduta na bwana yake Moffat. Mama anasema uvae soksi hata kama kuna jua. Beth anakusalimu, na Ken pia kwa njia yake. Mungu aliyekuvusha ng'ambo akutunze huko, na siku ikifika akurudishe kwetu ukitembea kwa miguu yako mwenyewe.

Ni mimi mtoto wa ndugu yako, nikupendaye daima,

Wamae