Jiwe Limeshachongwa

Jumatatu, 2 Septemba

Nimefika ofisini kabla mlinzi hajafungua. Kama kawaida. Nimepangusa meza, vumbi la Dodoma huingia hata dirisha likifungwa. Nimepiga simu Dar kwa wauzaji wa pampu. Kabla ya kupiga niliandika kwanza nitakachosema, salamu zikiwemo. Dada Salma wa mapokezi ameiona karatasi, amecheka mpaka akatafuta kiti. Anasema siku moja nitaandika na pumzi.

Pampu bado iko bandarini. Wamesema itatoka wiki ijayo. Wiki iliyopita walisema hivyo hivyo.

Mchana nimerekebisha ratiba ya mradi wa maji wa Chemba. Kisima kirefu: tayari. Tenki: tayari, limesimama juu ya mnara wake. Mabomba: tayari. Uzinduzi: Jumamosi, tarehe 28. Mimi ni karani tu, lakini ratiba hii ni yangu. Mhandisi Kilasi, bosi wangu, aliniachia tangu Juni. Kila mstari naujua.

Naionea fahari. Siwezi kulisema hilo popote ila hapa.

Alhamisi, 5 Septemba

Kesho chuoni. Jumatatu mpaka Alhamisi kazini, Ijumaa na Jumamosi darasani, Jumapili kanisani na kufua. Huu mwaka wa pili. Shahada ya uanagenzi katika usimamizi wa miradi: unasoma huku unafanya kazi yenyewe. Wengi niliomaliza nao shule bado wanasubiri ajira. Mimi nina vyote viwili, na kila siku naogopa kimoja kitaanguka kivute kingine.

Najua hata kitakachoviangusha. Kitabu cha kazini. Kila mwisho wa muhula msimamizi hujaza alama na kusaini. Msimamizi wangu ni Mhandisi Kilasi. Asiposaini, siendi mwaka wa tatu. Mwisho ni tarehe 30.

Si mtu mbaya. Alinifundisha kusoma michoro polepole, bila kunikaripia. Ila hapendi kupingwa mbele ya watu.

Ijumaa, 6 Septemba

Darasani leo: utegemezi wa kazi. Mwalimu ametuambia kila mstari wa ratiba tuuulize maswali mawili. Unasubiri nini? Nini kinausubiri? Watu huuliza la kwanza wakasahau la pili.

Nimepata alama ya juu darasani. Nimekunja karatasi haraka kabla jirani hajaona. Sijui kwa nini.

Jumatatu, 9 Septemba

Wauzaji leo wamesema ukweli. Pampu haitoki bandarini kabla ya mwezi kwisha.

Nimempelekea Mhandisi habari. Hakushtuka. Ameniambia nitafute boza, gari la kubeba maji. Alfajiri ya tarehe 28 lipande Chemba, lijaze tenki. Mgeni rasmi atafungua bomba, maji yatatoka, mama mmoja atatwishwa ndoo, picha zitapigwa. Pampu ikija itafungwa bila kelele.

Nimeuliza kama tarehe haiwezi kusogezwa. Amenionyesha koridoni kwa kidole. Jiwe la uzinduzi limeegeshwa pale, limefungwa gunia. Lina jina la mgeni rasmi na tarehe.

"Jiwe limeshachongwa, binti."

Hapo mazungumzo yakaisha. Salma anasema nisijisumbue, maboza yamezindua miradi mingi kuliko pampu.

Nimeandika kwenye orodha ya kesho: boza.

Jumatano, 11 Septemba

Saiti, Chemba. Jua kali, mifugo imekonda. Nimekwenda na dereva kuhesabu viti na mahema yatakayohitajika.

Mzee Iddi ametupokea. Ni mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji. Nimemwamkia, ameitikia akanishika mkono hakuuachia, ananionyesha kila kitu kana kwamba sijawahi kufika. Bomba la kwanza. La pili. Birika la ng'ombe. Kisha pampu ya mkono, ile ya zamani, foleni ya ndoo mpaka barabarani. Akinamama wananitania: wanasema mwezi ujao watanenepa, hawatakuwa na kazi ya kusukuma.

Akaniuliza mafundi wa kuing'oa watakuja lini. Ya kijiji cha jirani imekufa kabisa, wameahidiwa hii. Anataka kuikabidhi kwa heshima, na chai iwepo.

Nikamjibu bila kufikiri. Ratiba iko kichwani. Nikasema Jumatatu tarehe 30, siku mbili baada ya uzinduzi.

Akafurahi. Akawaita wengine nirudie.

Tumefika njia panda ndipo nikaelewa nilichosema. Nikamwomba dereva asimame, nikashuka.

Jumatano hiyo hiyo, jioni

Naandika kwa utaratibu, nione kama nimekosea.

Mstari wa uzinduzi: unasubiri pampu mpya. Mstari wa kung'oa pampu ya mkono: unasubiri uzinduzi. Niliufunga hivyo mwenyewe Juni, na ulikuwa sahihi. Uzinduzi ulimaanisha maji yanatoka.

Sasa uzinduzi unamaanisha boza. Maji ya boza yataisha kabla ya Jumapili jioni. Jumatatu mafundi wanakuja, wanang'oa, wanapakia. Kijiji kinabaki na tenki tupu, mabomba makavu na lambo wanalokanyaga ng'ombe. Mpaka pampu ifike. Mpaka ifungwe. Hakuna anayejua lini.

Hakuna aliyepanga kuwaumiza. Boza liko kichwani kwa Mhandisi. Mafundi wako kwenye mkataba mwingine. Mstari unaoviunganisha uko kwangu peke yangu.

Sijakosea.

Jumapili, 15 Septemba

Mama amepiga kutoka Kongwa. Ni mwalimu mstaafu, anasikia sauti yangu ikibadilika hata kidogo. Nimemweleza nusu. Ameniambia nimalize shule kwanza. "Nyemo, usigombane na mtu mwenye kalamu yako." Ana haki. Ni yeye aliyebeba kila ada yangu mpaka hapa.

Nimefua shati la ofisi mara mbili. Lilikuwa safi.

Jumanne, 17 Septemba

Nimemwambia Mhandisi. Peke yetu, mlango umefungwa. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, nikaisahau mezani kwangu.

Nimemwonyesha mistari miwili kwenye kompyuta. Amesoma. Ameelewa upesi kuliko nilivyotegemea, niliona usoni. Nikampa pendekezo: tarehe 28 ibaki, mgeni rasmi aje kukagua tenki na mabomba, uzinduzi ufanyike pampu ikishafungwa, pampu ya mkono isiguswe mpaka maji yatoke wiki nzima.

Amesema uzinduzi hauahirishwi kwa sababu ya mstari wa kwenye kompyuta. Mafundi atawapigia mwenyewe wachelewe. Nikauliza atawaambia wachelewe mpaka lini. Akasema kesho kwenye kikao ataisoma ripoti yeye, rangi zote kijani, mimi nibonyeze tu kurasa.

Kisha, taratibu, bila hasira: "Chuo kinawafundisha kupanga. Hakiwafundishi kuishi na watu."

Kitabu changu cha kazini kiko mezani kwake tangu jana. Nimekiona chini ya kikombe cha chai.

Naogopa. Sina neno jingine.

Jumatano, 18 Septemba

Kikao cha mwezi. Bi Anjela alikuwepo kutoka shirika linalofadhili mradi. Mzee Iddi alikuwepo, kofia yake mpya, amekaa wima. Mwalimu wangu wa chuo alikuja kuniangalia kazini, kama wanavyofanya kila muhula. Sikujua angekuja leo. Aliketi nyuma.

Mhandisi alisoma. Kijani, kijani, kijani. Nilibonyeza. Ukurasa wa uzinduzi ulipita kama mwingine wowote. Mzee Iddi alipiga makofi kidogo peke yake.

Mwisho Mhandisi akauliza kinachoulizwa kila mwisho wa kikao. Kuna la nyongeza? Huwa anazunguka meza kwa macho, kila mtu anasema sina, tunakwenda kunywa chai. Nimehudhuria vikao vyote tangu nianze. Sijawahi kumsikia mtu akiwa nalo.

Salma: sina. Mhasibu: sina. Macho yakafika kwangu.

"Ninalo moja."

Sauti ilikuwa ndogo. Bi Anjela akaniomba nirudie. Nikarudia. Nikasema tarehe 28 pampu itakuwa bado bandarini, na tarehe 30 pampu ya mkono imepangwa kung'olewa. Boza sikulitaja. Sikutaka kumvua mtu nguo. Nikasema lipo pendekezo, nikalieleza kama nilivyomweleza Mhandisi jana.



Mzee Iddi hakumwangalia Bi Anjela wala Mhandisi. Aliniangalia mimi. Akauliza kwa upole: "Mwanangu, si uliniambia Jumatatu?"

Nikamjibu ndiyo, nilimwambia. Na kwamba leo nasema asikubali.

Bi Anjela akamgeukia Mhandisi. Nilidhani sasa ndiyo basi. Mhandisi akafunga faili lake polepole, akasema hilo ndilo walilokuwa wanalifikiria ofisini, na ndiyo maana karani wake ameandaa pendekezo. Akaliita zuri. Likapitishwa. Likachukua muda mfupi kuliko chai.

Mwalimu aliondoka bila kuniaga. Mhandisi alinipita koridoni kana kwamba mimi ni jiwe lile.

Nimerudi mezani, nimefuta mstari wa boza, nimeupaka uzinduzi rangi nyekundu. Nyekundu ya kwanza kwenye ripoti za ofisi hii. Imependeza.

Jumatatu, 23 Septemba

Kitabu hakijasainiwa. Kikombe kimehama, kitabu kiko palepale.

Mhandisi anaongea nami kupitia kwa Salma, na mimi niko hatua chache kutoka mlangoni kwake. Salma anatangaza kama mtangazaji wa redio: Mwanagenzi, bosi anauliza barua ya mgeni rasmi, Mwanagenzi, bosi anasema neno "uzinduzi" litoke kwenye mabango. Nimefanya yote siku hiyo hiyo.

Nimefikiria kuomba msamaha. Nimetafuta kosa la kuombea. Sijalipata.

Jumamosi, 28 Septemba

Ukaguzi umefanyika. Niliomba ruhusa chuoni. Mgeni rasmi amepanda ngazi ya mnara mpaka juu, jambo ambalo hakuna aliyelipanga, na walinzi wake hawakulipenda. Ameuliza maswali ya maana. Mhandisi amejibu vizuri sana. Anaijua kazi yake yule mtu, na leo hakuwa na cha kuficha. Alionekana mrefu.

Pampu ya mkono ilikuwa inalia nyuma ya hotuba zote. Foleni haikusimama hata wimbo wa taifa ulipopigwa. Kuna mama alisimama wima, mkono bado uko kwenye mpini.

Jumatatu, 30 Septemba

Siku ya mwisho ya kitabu. Saa nne hakuna. Saa nane hakuna. Nikajiambia nitarudia mwaka, nitamweleza Mama, hatutakufa.

Jioni Salma ameniita. "Bosi anakutaka. Meza mate kwanza."

Kitabu kilikuwa wazi. Kimejazwa chote. Upangaji na ratiba: bora sana. Uandishi wa ripoti: bora sana. Ushirikiano na viongozi: wastani. Saini yake chini, kubwa, na duara la chai pembeni.

Akaniuliza kama nina malalamiko juu ya ile wastani. Nikasema sina. Akasema kuanzia mwezi huu ratiba ya mradi wa Kongwa pia niishike mimi. Na nikiona kitu nije mapema. Nikasema safari ile nilikuja mapema. Ilinitoka tu.

"Ulikuja," akasema. Akarudi kwenye kompyuta yake.

Nimempigia Mama. Nimemsomea alama zote, na wastani pia. Akaniomba niisome tena ile ya mwisho. Nilipomaliza alikuwa anacheka.

Jumamosi, 26 Oktoba

Uzinduzi. Pampu imefungwa, imejaribiwa, na maji yamepimwa. Jiwe jipya, tarehe mpya. Jina langu halikutajwa popote na sikulitegemea. Nilikuwa nyuma ya hema na ratiba yangu, naweka alama.

Maji yalitoka kwanza na kutu, kisha yakawa meupe. Nimeyaonja. Yana chumvi kidogo, kama yetu ya Kikuyu, mtaani kwetu Dodoma. Akinamama hawakusubiri hotuba iishe.

Mzee Iddi amenipeleka kwenye bomba la pili kunionyesha kitu. Jiwe la zamani. Aliliomba kwa Mhandisi bila mimi kujua. Wamelilaza chini, maandishi yametazama udongo, ndoo inakaa juu yake bila kuyumba. Akaniuliza kama limekaa sawa. Nimelikanyaga kujaribu. Limekaa sawa.

Alhamisi, 7 Novemba

Kikao cha mwezi. Nimesoma ripoti mwenyewe. Chemba: maji yametoka wiki nzima bila kukatika. Pampu ya mkono imeng'olewa juzi, imekabidhiwa kwa jirani, chai ilikuwepo. Kongwa: mistari miwili ya njano, nimeeleza kwa nini.

Kumeanza kunuka mvua. Nje wingu moja tu, juu ya milima.

Mwisho Mhandisi akauliza kama kuna la nyongeza. Macho yakazunguka meza, yakafika kwangu, yakangoja zaidi kidogo kuliko kwa wengine.

Nikasema sina. Na kweli sikuwa nalo.