Sayari Iitwayo Byabato

Kimuli, Kyerwa
Jumapili, baada ya misa

Kwa kaka yangu mpendwa Cassian,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Mwanza, wewe na shemeji Vero na watoto wote. Huku sisi hatujambo. Mama anaamka, anasali, anapalilia maharage yake kidogo mpaka mgongo umkatalie, kisha anakaa barazani kuwasalimu wapita njia. Mvua za masika zilitutendea haki. Kahawa imeiva vizuri, na migomba yetu haijaguswa na mnyauko, ingawa jirani yetu Gosbert imebidi ang'oe karibu shamba zima.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwenye karatasi wakati simu ninayo. Kwenye simu ungenikatiza. Wewe ndiye mkubwa, na mimi tangu utotoni nimezoea kunyamaza ukianza kusema. Karatasi haikatizwi, kwa hiyo kaa chini usome hadi mwisho.

Kwanza nikupe habari za matanga ya baba. Tuliyaanua Jumamosi ile kama ukoo ulivyopanga, karibu mwaka tangu tumzike. Watu walikuja kutoka Nkwenda na Kiruruma, na hata shangazi Agnetha alipakiwa kwenye pikipiki na mguu wake ule mbovu. Rubisi ya ndizi ilitosha, wapo waliolewa wakalala hapo hapo ilipowaangusha. Mama alikuwa amekutengea mkungu wa zile ndizi unazozipenda, na tangu asubuhi kila pikipiki iliponguruma barabarani aliinuka kuchungulia. Nilimwambia akae, miguu itamvimba, hakunisikia. Baba mdogo Melkiory akawa anaisogeza shughuli mbele, akisema tumngoje mrithi. Jua likaanza kushuka. Ndipo meseji yako ikaingia kwenye simu ya Mama, nikamsomea mbele ya watu wote: kwamba umebanwa na malaria, huwezi kuinuka kitandani, ukoo uendelee, jina lako linatosha.

Hapo uliteleza, kaka. Umekaa mjini mpaka umesahau kwamba kwetu mrithi hatangazwi tu kama matangazo ya vifo redioni. Mrithi hukalishwa. Anaketi kwenye kiti cha marehemu, anashikishwa mkuki wake, na macho ya ukoo yanamwona. Baba mdogo alikohoa, akasema kiti hakikaliwi na jina. Shangazi alijaribu kukutetea, akauliza kama hatuwezi kungoja mpaka upone. Akajibiwa kwamba matanga yakianuliwa na kiti kikalala kitupu, huko ni kuita msiba mwingine, na kwamba mtoto mwingine wa kiume yupo, tena amesimama hapo hapo anagawa rubisi. Asiyekuwepo na lake halipo. Wakanikalisha mimi.

Mama alilia. Watu walidhani ni furaha, wakapiga vigelegele. Alikuwa analia kwa sababu mwanawe anaumwa mbali, na alitaka kupanda basi la kesho yake aje akuuguze. Nilimzuia. Nilijua hukuwa na malaria wala mafua. Ulikuwa mbele ya kompyuta yako, macho mekundu, unailinda sayari ya Byabato.

Ngoja nikueleze nimejuaje. Unaikumbuka Krismasi iliyopita, miezi michache tu baada ya kumzika baba. Uliweka kompyuta yako mezani katikati ya sahani, ukawaonyesha wageni gemu lako la vita vya angani. Ulitueleza kwamba kila mchezaji ana sayari zake na vikosi vyake vya meli, na kwamba utamu wote uko kwenye kutoa majina, kwa sababu meli isiyo na jina ni namba tu, lakini ukiipa jina inakuwa na roho. Sayari kubwa, ndiyo makao makuu, uliiita Byabato. Mama alipiga makofi aliposikia mumewe ana sayari. Meli zako za kivita ulizipa yale majina ya kujigamba ya babu, aliyokuwa akiyatamba kwenye pombe. Meli inayofuata nyuma kutengeneza zilizoharibika uliiita Placidia, ukamwambia Mama ndiyo yeye, na akafurahi zaidi. Sayari yenye bustani ilikuwa Vero.

Nikauliza, kwa utani tu, mimi niko wapi. Ulicheka mpaka ukaweka bilauri chini. Ukanionyesha vimeli vidogo visivyo na silaha, vinavyotangulizwa ili adui avipige kwanza na kumaliza nguvu zake. Vyote viliitwa Novatus. Ukawaambia watu kwamba Novatus ni rahisi, akifa unaunda mwingine. Gosbert alicheka, Vero alicheka, Mama naye akacheka bila kujua anachochekea. Na mimi nilicheka, kisha nikatoka kwenda kumkatia ng'ombe majani.

Usidhani nimekuwekea kinyongo kwa utani wa sikukuu. Utani tumelelewa nao. Kilichoniuma ni kwamba majina yale uliyaandika ukiwa peke yako, hakuna wa kumchekesha, na uliponifikiria mimi ndivyo ulivyoniona. Iliniuma sana, kaka, na bado inaniuma.

Sasa nikuulize habari za rafiki yako Fidele. Yule wa Kigoma, muuza mawese, mliyekutana naye kwenye gemu mwezi wa pili mkaunganisha vikosi. Umemsifu mno kwenye simu. Ulisema amekuwa kwako zaidi ya ndugu, hata ukamwomba Mama amkumbuke kwenye rozari, na Mama anamkumbuka mpaka leo.

Kaka, huko Kigoma hakuna huyo Fidele. Fidele ni mimi.

Nilijifunza gemu lako kwenye simu yangu hii yenye kioo kilichopasuka, na salamu za Kigoma niliziokota kwa madereva wa malori pale Nkwenda siku za gulio. Mwanzoni nilitaka tu kukuvunjia meli moja mbili, nicheke, yaishe. Lakini ulianza kumweleza Fidele mambo. Ulimwambia kwamba ukishakalishwa kwenye kiti utakiuza kibanja chetu cha migomba kwa mnunuzi mmoja wa kahawa, kaburi la baba likiwa humo humo, kwa kuwa wafu hawana pa kushtaki. Mama utamleta Mwanza, mumweke kwenye kile chumba cha magunia ya mkaa. Fidele akakuuliza, na yule mdogo wako anayelima hapo je? Ukamjibu kwamba mdogo wako amezoea kuishi kwa kupewa, atajijua. Maneno hayo niliyasoma nikiwa katikati ya migomba niliyoipanda kwa mikono yangu, panga likiwa kwapani. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na siku ile nilikuona nguoni mwangu, nami nikaamua kuingia mwako.

Basi Alhamisi ya wiki ya matanga, Fidele alikuandikia kwamba amedokezwa siri: muungano mkubwa utaivamia Byabato Jumamosi, wakati wowote kati ya asubuhi na usiku. Yeye ataleta kikosi chake kukusaidia, ila usipokuwepo mwenyewe kutoa amri, sayari itaanguka na washindi wataibadilisha jina. Na nilikupa nafasi, Mungu ni shahidi. Fidele alikuuliza kama huna shughuli nyingine siku hiyo. Ungejibu kwamba una matanga ya baba yako, ningekuambia nenda, nami ningeyameza yote na kukushikia mkuki ukalie kiti. Ulijibu kwamba kuna kashughuli ka kijijini, wataendelea bila wewe, lakini jina la baba halichukuliwi na wahuni wewe ukiwa hai.

Hakukuwa na muungano. Hakukuwa na adui. Ulishinda kutwa ukilinda anga tupu, na mimi nimekalia kiti cha baba, simu ikitetemeka mfukoni kwa ujumbe wako unaomuuliza Fidele amefika wapi. Watu waliniona natabasamu, wakasema mrithi ana uso wa baraka. Sayari yako ipo, hakuna aliyeigusa. Hiyo ndiyo Byabato uliyoirithi, iangalie vizuri. Hii yenye migomba na kaburi ni yangu, na haiuzwi.

Najua utataka kuja kunishtaki kwa ukoo. Karibu sana, njia unaijua. Baba mdogo ataitisha kikao, na swali lake la kwanza litakuwa Jumamosi ile ulikuwa wapi, nawe itabidi umjibu Mama akiwa amekaa hapo anakutazama. Kutoka kwangu halitatoka neno. Wakinibana nitasema uliumwa, maana mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe.

Naishia hapa, mkono umechoka. Shangazi Agnetha anakusalimu sana, na Gosbert vilevile. Wabusu watoto, waambie baba yao mdogo anawapenda, na hilo si uongo. Pamoja na barua hii kondakta atakukabidhi kifurushi. Ni majani ya omubirizi ya kutibu malaria. Mama ameyafuata mwenyewe kule bondeni kwa miguu yake hiyo, akayaanika, akalala nayo chumbani kuku wasiyachafue. Amenituma nikuandikie kwamba uyachemshe, unywe kikombe kizima asubuhi na jioni, usitapike, na kwamba umpigie umwambie kama homa imeshuka. Kila siku ananiuliza.

Ndimi mdogo wako,
Novatus Byabato